Muulize Bi Fundi: Kasi ya mfuko mdogo na joto la Mombasa

SWALI: Assalaam alaikum Bi Fundi, na shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 21, naishi Kisauni. Napiga video za harusi na kuzihariri kwa leptopu ya kaka yangu, na video ya saa moja huirenda (kuitoa ikiwa video kamili) usiku kucha. Nimeweka akiba ya Sh55,000. Rafiki yangu aniambia ninunue kompyuta ya ofisi, ile ya eksi-UK (mtumba kutoka Uingereza) yenye prosesa ya Intel i5, halafu niifanyie ovakloki, yaani niipandishe mwendo kupita ule wa kiwandani, mpaka iishinde mpya. Nimsikilize? Na kama sivyo, nijenge nini? — Mpiga picha, Kisauni

Waalaikum salaam mwanangu, marahaba.

Kwa hili usimsikilize, ingawa najua hakukusudia kukupoteza. Kompyuta za ofisi kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk ni mashine za heshima, na mtu wa kuandika barua na kupiga hesabu za duka mimi mwenyewe humwambia achukue. Lakini hazipandishwi mwendo. Prosesa kama i5-4570 imefungwa kizidishi (namba inayoamua mwendo wake) tangu kiwandani. Zama zile Intel walikuwa wakiacha wazi zenye herufi K mwishoni mwa jina, nazo zilitaka mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vitu vyote, yenye chipseti (chipu inayoiongoza bodi) ya Z. Ukiingia kwenye baiosi (programu ya mipangilio inayotangulia Windows) ya mashine ya ofisi huikuti hata sehemu ya kubadilisha. Tena pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme) zake nyingi zina umbo lake na plagi zake, kwa hivyo siku utakayotaka kutia kadi kubwa ya picha utakosa waya wa kuilisha, na pawa saplai ya kawaida ya dukani haitaingia.

Wewe nenda upande wa AMD. Tangu Ryzen za kwanza za 2017, prosesa zao za mezani karibu zote zimeachwa wazi, hata zile za bei ya chini. Kinachokubana ni mazabodi. Yenye chipseti ya A320 hairuhusu ovakloki. Za B350, B450, X370 na X470 zinaruhusu. Hapa ndipo vijana wengi wanapoliwa pesa, kwa sababu muuzaji atakwambia zote ni soketi (tundu la prosesa) ya AM4, zote ni sawa, chukua hii ya bei nafuu. Soketi ni moja, kazi si moja. Soma maandishi yaliyochapishwa juu ya bodi yenyewe, usisome boksi, maana boksi huhama kutoka bodi hii hadi nyingine.

Kwa akiba yako ningetafuta Ryzen 5 2600 ya mtumba. Ina viini 6 (sehemu za kufanya kazi) na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), na programu za kurenda video hujua kuzitumia zote. Utaona pia Ryzen 5 1600 kwa bei ya chini kidogo na utaitamani. Iache. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa na Microsoft Oktoba 2025, na 1600 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, 2600 imo. Jambo jingine, 2600 haina picha ndani yake, yaani bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi na utadhani umeuziwa mzoga. Radeon RX 580 ya gigabaiti 8 ya mtumba itakufaa, ila kuna ndugu yake iitwayo RX 580 2048SP, yenye vitengo 2,048 vya kuchakata badala ya 2,304. Jina ni karibu lile lile na sura ni ile ile. Ipachike kwenye mashine hapo dukani, fungua programu ya GPU-Z, uisome hesabu hiyo kabla hujatoa pesa.

Lakini kabla ya prosesa, kabla ya kadi, toa Sh8,000 katika hizo Sh55,000 uziweke mfuko mwingine. Hizo ni za pawa saplai, mpya, yenye alama ya 80 Plus Bronze (ithibati ya kutopoteza umeme mwingi), ya wati 550, ya kampuni inayojulikana. Zilizobaki Sh47,000 ndizo za kuhangaika nazo. Mtumba nauruhusu kwenye prosesa, bodi, rami (kumbukumbu ya kazi), hata kadi ya picha. Kwenye pawa saplai siuruhusu, na sababu nimeieleza katika jibu la pili hapa chini.

Kitu cha pili kinachodharauliwa ni kipozeo. Nataka nikae hapa kidogo, maana ndiyo tofauti ya kujenga mashine Mombasa na kuijenga kwingine.

Mashine ya kwanza niliyoipandisha ilikuwa na Celeron 300A, prosesa ya Intel ya mwaka 1998. Kizidishi chake kilifungwa kwenye 4.5, lakini mapigo ya mazabodi, yanayozidishwa nacho kupata mwendo, yalikuwa wazi. Ukiyatoa megahezi 66 ukayapeleka 100, ile 300 inakuwa 450, na kitu cha mnyonge kinakwenda sambamba na Pentium II ya matajiri. Nilikuwa msichana, nikikaa kwenye karakana ya marehemu baba yangu, fundi wa redio, pale Mwembe Tayari. Nilipoipandisha ulikuwa mwezi wa Julai, kusi inavuma, na 450 ikasimama imara. Niliona kama nimefunguliwa mlango. Ilipoingia kaskazi, mashine ikawa inaganda kila alasiri. Nilibadilisha rami, nikabadilisha diski, wapi. Mwisho nikayashusha mapigo hadi 83, nikapata megahezi 375, ikatulia. Baba hakuijua kompyuta hata kidogo, lakini alinishika kidole akanigusisha bati la transista za amplifaya iliyokuwa mezani. Akaniambia, "Bati hili ni sehemu ya amplifaya, si pambo lake. Ukipiga bei ya amplifaya, lipige na hili."

Kwa hivyo lipige na hilo. Kipozeo hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachofanya ni kupunguza pengo baina ya chumba na prosesa. Anayejenga Limuru chumba kikiwa nyuzi 20, prosesa ikafika 70, pengo lake ni 50. Beba mashine hiyo hiyo uilete Kisauni mwezi wa Februari, chumba cha bati kikiwa nyuzi 33, na pengo lile lile litakupeleka 83. Video za mtandaoni unazotazama zimepigwa kwenye vyumba vya baridi. Watu hao hawakudanganyi, wanasema ukweli wa nyumbani kwao.

Sasa angalia hesabu ya joto lenyewe. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na mwendo, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua 2600 inayokwenda gigahezi 3.7 kwa volti 1.2 ikiwa imebanwa na kazi. Uipeleke 4.0 kwa volti 1.35. Mwendo umeongeza asilimia 8. Volti, 1.35 kwa 1.2, ukiizidisha kwa yenyewe ni mara 1.27 hivi, zidisha na ule mwendo, utapata joto limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 36. Ukitaka 4.1 na ikakudai volti 1.4, utaongeza asilimia 2.5 ya mwendo kwa asilimia 10 nyingine ya joto. Mimi hapo nasimama. Mashine ya kazi ya Mombasa naipa 3.9 au 4.0, na volti haivuki 1.35.

Kipozeo cha boksi kinachokuja na 2600 ni kifupi, cha alumini. Kwa ovakloki ya hapa kwetu hakitoshi. Tafuta kile cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni ya sentimita 12. Kesi iwe na uso wa wavu, si wa kioo. Feni mbili mbele zivute hewa ndani, moja nyuma iitoe. Kesi yenye taa za rangi na kioo mbele ni tanuri, hata iwe nzuri kiasi gani. Angalia pia kwamba mazabodi ina bati la kupozea kando ya soketi, juu ya vile vijisanduku vyeusi vinavyoilisha prosesa umeme. Bodi isiyo na bati hilo iache ilivyo, usiipandishe.

Kununua: ukikosa vitu mjini, Luthuli Avenue, Nairobi, utavipata, na basi la usiku litakuletea asubuhi. Lakini mwambie muuzaji akupigie video ya mashine ikiwaka na baiosi ikionyesha jina la prosesa. Ukinunua mwenyewe kwa mkono, geuza prosesa utazame miguu yake. Za AM4 zina miguu 1,331 myembamba kama nywele, na mmoja ukivunjika huenda umenunua ufunguo wa kuning'iniza. Na mtu anapokutolea prosesa kwenye mashine yake, asinyofoe kipozeo kwa nguvu kikiwa baridi. Awashe mashine dakika kumi ili pesti (dawa ya kupitisha joto baina ya prosesa na kipozeo) ilainike, azime, azungushe kipozeo taratibu ndipo ainue. La sivyo prosesa hung'oka pamoja nacho na miguu ikalala.

Ukishajenga, anza na kile cha bure. Rami ulizonunua zimeandikwa 3200, lakini mashine itaziwasha kwa 2133 au 2400 mpaka uingie baiosi uwashe XMP (mpangilio wa kasi iliyoandikwa kwenye rami). Weka mbili za gigabaiti 8, katika nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa, zifanye kazi kwa pamoja. Usinunue moja ya 16. AMD wenyewe wanaidhamini 2600 kwa 2933 tu, basi ikigoma kwa 3200, shusha hadi hapo na usijute. Ryzen hizi zinapenda rami ya kasi kwa sababu njia inayounganisha viini vyake hupiga kwa mwendo wa rami. Hapo utapata faida bila joto la kukusumbua.

Halafu panda polepole. Weka 3.8 kwa volti 1.25, rudi kwenye Windows, washa HWiNFO usome joto, kisha Prime95, programu ya kuibana prosesa kwa kazi, nusu saa. Ikipita, 3.9. Ikianguka, ongeza volti kidogo sana au kubali ulipofika. Fanya majaribio haya saa nane mchana, madirisha yakiwa kama kawaida yako, si usiku wa manane. Kikomo cha 2600 ni nyuzi 95. Mimi nataka isipite 80 wakati huo wa mchana. Mwisho iache irende harusi moja nzima. Mteja wako hatajali kwamba ulipata 4.1. Atajali kwamba video ya bintiye ilikatika kwenye kesha.

SWALI: Bi Fundi, hujambo? Kijana wangu yuko kidato cha tatu, ameshika kompyuta tuliyomnunulia anasema ataipandisha mwendo "ovakloki". Mimi naogopa mambo mawili: kuchoma nyumba, na tokeni za stima. Nimkataze? — Mama wa Tudor

Sijambo dada yangu, nashukuru kwa kuuliza kabla ya kukataza.

Nianze na tokeni. Tuseme ovakloki inaongeza wati 50, na kijana anacheza saa 5. Hiyo ni robo yuniti kwa siku, sawa na pasi ya wati 1,000 ikiwaka robo saa. Kwa mwezi ni yuniti 7.5. Lakini mashine nzima yenye kadi ya picha inaweza kula wati 300 ikicheza gemu, na saa 5 za hapo ni yuniti 1.5 kila siku. Kwa hivyo ukitaka kuokoa tokeni, punguza saa za gemu. Ovakloki ni kidogo mbele yake.

Moto sasa. Prosesa yenyewe haitachoma nyumba. Ikipata joto kupita kikomo hujipunguza mwendo, na ikizidi hujizima. Kijana akiweka volti au mwendo usiowezekana, kwa kawaida mashine itakataa kuwaka tu. Ataizima, atang'oa waya ukutani, atatoa ile betri ya duara ya CR2032 dakika chache, airudishe, na baiosi itasahau yote. Hatari iko kwenye pawa saplai na kwenye ekstensheni.

Miaka kadhaa nyuma, kazi zikiwa nyingi, nilinunua pawa saplai iliyoandikwa wati 600 katika duka moja la mjini. Ilikuwa nyepesi mno mkononi. Niliusikia wepesi ule na nikaupuuza, kwa sababu mteja alikuwa akingoja. Ilikuwa kompyuta ya mwalimu. Wiki ya tatu stima ikapotea magharibi, iliporudi kulisikika mlio mmoja, moshi ukatoka, na mazabodi ikafa pamoja na diski yenye maswali yake ya mtihani. Bodi na diski nilimlipa. Maswali sikuweza kumlipa, na uso wake nauona mpaka leo. Nilipoifungua ile pawa saplai, mahali pa vichujio vya umeme palikuwa na nafasi tupu; kiwanda hakikuviweka kabisa. Na hata zile za kweli, ujue kwamba nyingine za bei ya chini wati zake zimepimwa hewa ikiwa nyuzi 25. Ndani ya kesi, Mombasa, hewa hufika 40 na zaidi, na uwezo wake hupungua.

Kwa hivyo usimkataze, mpe masharti. Kwanza akuonyeshe pawa saplai: aifungue kesi, akusomee jina na alama yake. Kama ni ya jina lisilojulikana, ovakloki ingoje mpaka ibadilishwe, na gharama hiyo ningekuomba umsaidie. Pili, mashine ichomekwe soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi, isichangie ekstensheni na pasi wala jiko. Tatu, UPS, kile kisanduku cha betri cha kuishikilia mashine stima ikipotea. Hapa soma wati, si VA: ya 650 VA haibebi wati 650, nyingi hubeba chini ya 400, lakini zinatosha kumpa muda wa kuzima kwa adabu stima ikipotea na kumkinga na ule mshindo wa kurudi.

Na mwambie akuandikie kwenye daftari kila anachobadilisha, tarehe, volti, joto alilolipata. Mtoto anayeandika joto la prosesa yake kila siku anasoma fizikia, dada yangu, hata kama kwenye meza yake huoni kitabu.

SWALI: Bi Fundi, nina i5-4690K kwenye mazabodi ya Z97. Mwezi wa Julai niliiweka gigahezi 4.4 na haikunisumbua hata siku moja. Tangu mwishoni mwa Desemba inajizima katikati ya gemu. Sijabadilisha kitu. Imechoka? — Wa Nyali, karibu na bahari

Wewe hukubadilisha kitu, upepo ndio uliobadilika. Rudi juu usome habari ya Celeron yangu. Ni ugonjwa ule ule, miaka mingi baadaye. Kusi ilikupa chumba cha nyuzi 25 au 26, kaskazi imekupa 32 au 33. Prosesa yenye joto zaidi huvujisha umeme zaidi, na volti iliyotosha Julai kwa 4.4 sasa haitoshi. Usiongeze volti. Hilo ndilo kosa la kwanza atakalokushauri mtu, nalo litaongeza joto juu ya joto.

Lakini umesema karibu na bahari, na hilo linanitia wasiwasi kuliko 4.4. Hewa ya chumvi ikichanganyika na vumbi hutengeneza uji mwembamba unaonata kwenye mapezi ya kipozeo na kula shaba. Nimefungua mashine za Mji wa Kale zilizokaa kando ya dirisha la baharini nikakuta kijani kwenye migongo ya kadi, kama sufuria ya zamani. Zima, ng'oa waya, toa kipozeo, kisafishe kwa brashi laini, futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Chomoa rami na kadi ya picha, futa meno yake kwa spiriti hiyo hiyo, acha vikauke kabisa ndipo urudishe. Mashine ihamie ukuta wa pili, mbali na dirisha.

Kisha ingia kwenye baiosi. Z97 nyingi zina sehemu ya kuhifadhi mipangilio kwa majina. Hifadhi ile ya 4.4 uiite KUSI. Shusha hadi 4.1, punguza volti hatua moja moja ukijaribu kila mara, na ukipata inayosimama saa nane mchana, iite KASKAZI. Mimi mashine zote za karakana yangu zina hizo mbili. Upepo ukigeuka mwezi wa Aprili, rudi KUSI, uniandikie imesimamaje.